NANI NI NANI KUSINI: Mzee Mkapa, mbunge wa Nanyumbu kabla hajawa Rais

Leo tunamleta mtu ambaye kila mmoja anadhani anamjua. Ukimtaja Benjamin William Mkapa, wengi watakwambia Rais wa awamu ya tatu, basi. Ukiuliza zaidi watakutajia uwanja wa mpira pale Dar na daraja la Rufiji. Lakini hivi unajua kuwa kwa miaka 10 alikuwa mbunge wa jimbo la huku huku kwetu, Nanyumbu, wakati huo likiwa ndani ya wilaya ya Masasi?

Kuna swali ambalo kila uchaguzi linarudi vijiweni, Masasi mpaka Newala: tumchague mtu mwenye jina kubwa ambaye ataukwaa uwaziri, au mtu wa hapa hapa anayejua bei ya salfa? Historia ya Mzee Mkapa ni jibu moja la swali hilo, maana jina kubwa kuliko lake halijawahi kutoka huku. Tuone basi jimbo lilipata nini na nchi ilipata nini.

Kama dakika zako za intaneti zinakaribia kuisha, soma wasifu huu wa haraka, mengine utayarudia.

WASIFU KWA HARAKA
- Jina: Benjamin William Mkapa
- Kuzaliwa: 12 Novemba 1938, Lupaso, Masasi
- Elimu: Lupaso, Ndanda, seminari ya Kigonsera, Pugu, Chuo Kikuu cha Makerere (Kiingereza), Chuo Kikuu cha Columbia, New York (mambo ya kimataifa)
- Kazi za mwanzo: afisa tawala Dodoma, afisa wa mambo ya nje, mhariri wa magazeti
- Waziri kwa mara ya kwanza: 1977, Mambo ya Nje
- Mbunge wa Nanyumbu: 1985 hadi 1995
- Rais: Novemba 1995 hadi Desemba 2005
- Kufariki: 24 Julai 2020, Dar es Salaam, akiwa na miaka 81. Alizikwa Lupaso 29 Julai 2020.

KIJANA WA LUPASO
Lupaso ni kijiji cha misheni. Ukanda ule wa Masasi umeguswa na wamisionari mapema mno. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Benedikto wakaweka makao Ndanda mwaka 1906. Ndiyo maana wilaya ambayo serikali ya mkoloni haikuijali ilikuwa na shule nzuri kuliko sehemu nyingi za nchi. Wazee wetu walikuwa hawana barabara, ila watoto wao waliokwenda shule walijua kusoma Kiingereza.

Mkapa alikuwa mmoja wa watoto hao. Alianza Lupaso, akaenda Ndanda, akapita seminari ya Kigonsera kule Umatengo, kisha akaenda St. Francis Pugu, shule ambayo Mwalimu Nyerere aliwahi kufundisha mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 ili ashike siasa. Kutoka Pugu akaingia Makerere, Kampala, akasoma Kiingereza na kumaliza mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru.

Zingatieni hilo, wadau. Mwaka 1962 Watanganyika wenye digrii walikuwa wa kuhesabu. Serikali mpya ilikuwa inawatafuta kwa tochi. Kijana wa Lupaso mwenye digrii ya Makerere hakuwa na haja ya kugombea kitu chochote. Kazi ndiyo iliyomfuata. Alianza kama afisa tawala Dodoma, halafu akahamia utumishi wa mambo ya nje.

KALAMU KABLA YA KITI
Mwaka 1966 akapewa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru, awe mhariri. Mwaka 1972 The Nationalist liliunganishwa na The Standard likazaliwa Daily News, naye akawa mhariri huko. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na mwaka 1976 akapewa kazi ya kuanzisha shirika la habari, SHIHATA. Mwaka huo huo akapelekwa Nigeria kuwa balozi.

Kwa hiyo mtu huyu aliijua Ikulu na aliijua dunia kabla hajasimama hata siku moja juu ya meza kijijini kuomba kura. Siyo kosa. Lakini ndiyo tofauti kati yake na wabunge wengi tunaowajua, wale walioanzia udiwani, chama cha ushirika au uongozi wa vijana wa chama wilayani.

MLANGO WA KWANZA: UTEUZI
Februari 1977 Mwalimu akamwita kutoka Nigeria na kumpa Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa sheria zetu waziri ni lazima awe mbunge. Mkapa hakuwa na jimbo. Akaingia Bungeni kwa kuteuliwa na Rais.

Kwa wadogo zetu ambao somo la uraia liliwapita pembeni: wabunge wetu hawaingii kwa mlango mmoja. Wako wa majimbo, wanaopigiwa kura. Wako wanawake wa viti maalum. Wako watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi Zanzibar. Yupo Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na wapo ambao Rais anaruhusiwa kuwateua mwenyewe, ambao kwa Katiba ya sasa hawazidi 10. Mbunge wa kuteuliwa anapiga kura Bungeni sawa na wa jimbo, ila hana mpiga kura wa kumrudia na kumwambia "mzee, kisima kimekauka". Aliyempeleka ni mtu mmoja.

Miaka ile ya kwanza pale Mambo ya Nje haikuwa lelemama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita ikaisha 1979. Kusini mwa Afrika nchi za mstari wa mbele zilikuwa zinaisukuma Rhodesia mpaka ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Mwaka huo wa 1980 akahamishiwa Habari na Utamaduni. Mwaka 1982 akapelekwa balozi Kanada, kisha Marekani. Mwaka 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine akafariki kwa ajali ya gari Aprili 12, Salim Ahmed Salim akachukua nafasi yake, na kiti cha Mambo ya Nje kikawa wazi. Mkapa akarudi.

MLANGO WA PILI: NANYUMBU 1985
Hapa ndipo huku kwetu kunapoingia. Mwaka 1985 Mwalimu alikuwa anang'atuka. Waziri ambaye anategemea uteuzi wa mtu anayeondoka hana uhakika wa kesho yake. Mkapa akaja kugombea nyumbani, jimbo la Nanyumbu, na akashinda. Mwaka 1990 akashinda tena.

Msidhani uchaguzi wa enzi hizo ulikuwa kama wa leo. Chama kilikuwa kimoja. Wanaotaka walijaza fomu, mkutano wa chama wilayani ukawapigia kura, halafu vikao vya juu vya taifa vikachuja na kubakiza wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, wakatembezwa pamoja jimboni wakihutubia mkutano mmoja, kwenye gari moja la chama. Mpiga kura asiyejua kusoma alichagua jembe au nyumba. Hakukuwa na pikipiki zenye bendera wala wasanii jukwaani. Hata hivyo mawaziri walianguka mara nyingi tu, maana wananchi waligundua kuwa hawawezi kukiondoa chama lakini mtu wanaweza kumwondoa.

Nanyumbu iko mpakani kabisa. Ukivuka mto Ruvuma uko Msumbiji. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ya pili ndiko kwenye uwanda wa Wamakonde wa upande wa Msumbiji, Mueda, mkoa wa Cabo Delgado, ambako vita ya FRELIMO dhidi ya Mreno ilianzia mwaka 1964. Kwa hiyo waziri wetu wa mambo ya nje alikuwa na jimbo ambalo mambo ya nje yenyewe yako ng'ambo ya mto. Samora Machel alipokufa kwa ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, na vita ya RENAMO ikazidi, kwa mtu wa Mangaka hiyo haikuwa habari ya redioni tu. Wapo waliokuwa na shangazi na wajomba kule.

Bunge nalo enzi hizo lilikuwa linakaa ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa. Kutoka Masasi mpaka Karimjee masika ilikuwa ni safari ya siku kadhaa, basi likikwama matope na watu kusubiri kivuko Rufiji. Mbunge ambaye pia ni waziri wa mambo ya nje, leo Lusaka kesho New York, unaweza kukisia jimbo lilimwona mara ngapi.

MIAKA YA NJAA YA KOROSHO
Sasa tuangalie hali ya wapiga kura wake, maana hapa ndipo penye ugali wetu.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho karibu tani 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mkapa anapoingia jimboni, mavuno yalikuwa hayafiki hata tani 20,000. Yaani katika kila magunia saba yaliyokuwa yakienda ghalani lilibaki moja.

Sababu zinajulikana. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu wakaenda kukaa mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiopaliliwa unazidiwa na pori na moto. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na malipo ya mamlaka ya korosho yalichelewa. Na viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje miaka ya 1970, vikiwemo vya Masasi na Newala, vikakosa korosho za kubangua na kufungwa.

Dawa haikutoka Bungeni. Watafiti wa Naliendele pale Mtwara walionyesha kuwa salfa ya unga inazuia ubwiriunga, na wakaleta miche bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Bei ikapanda, watu wakarudi mashambani. Kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno yalikuwa yamepita tena tani 100,000. Wakati huo mbunge wetu wa zamani alikuwa Ikulu.

CHIMWAGA 1995
Alifikaje huko? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1990 alipewa tena Habari na Utangazaji, na mwaka 1992 Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Wizara hiyo wengi waliiona ya pembeni, na huenda ndiyo ilimwokoa, kwa sababu katikati ya uwanja mambo yalikuwa yanawaka. Mwaka 1993 wabunge waliojulikana kama G55 walipeleka hoja Bungeni ya kutaka serikali ya Tanganyika. Mwalimu Nyerere, akiwa mstaafu, akaipinga waziwazi na kuandika kijitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwalaumu wakubwa wa chama na serikali kwa kuyumba. Desemba 1994 John Malecela akaondolewa uwaziri mkuu. Februari 1995 Augustine Mrema akatoka serikalini, akahamia NCCR-Mageuzi na umati wa watu nyuma yake.

Julai 1995 CCM ikakutana Chimwaga, Dodoma. Majina matatu yakafika mkutano mkuu: Cleopa Msuya, Jakaya Kikwete na Benjamin Mkapa. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyefika nusu. Raundi ya pili Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47 tu, wadau. Mwalimu alikuwa upande wa Mkapa na akazunguka nchi nzima kumnadi akimwita mtu msafi. Ndiko lilikotoka lile jina la Bwana Msafi.

Oktoba 1995 katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4 na John Cheyo wa UDP 4.0. Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika ikabidi urudiwe Novemba. Mwaka 2000 alishinda tena kwa asilimia 71.7.

MLANGO WA TATU: RAIS NAYE NI BUNGE
Wengi hili hawalijui. Katiba yetu inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Rais haketi ukumbini na wenzake wala hapigi kura, lakini muswada hauwi sheria mpaka yeye ausaini. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, Mzee Mkapa alikuwa sehemu ya Bunge kwa milango yote mitatu: kwa kuteuliwa, kwa jimbo, na kwa Urais.

Miaka yake 10 Ikulu ilikuwa ya sheria nzito. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi Julai 1996. Kodi ya VAT ikaanza Julai 1998. Mashirika ya umma yakabinafsishwa mfululizo, ikiwemo NBC mwaka 2000. Mfumuko wa bei aliukuta zaidi ya asilimia 20, ukashuka chini ya 10. Mwaka 2001 Tanzania ikasamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Ada ya shule ya msingi ikafutwa na mpango wa MMEM ukaanza, na wanafunzi wa msingi wakaongezeka kutoka milioni 4 na ushee mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Wengi mnaosoma hapa mlikaa kwenye madarasa ya MMEM, msibishe.

Lakini mtaani lugha ilikuwa nyingine. Watu walipunguzwa kazi kwenye mashirika, hela ikawa ngumu, vijana wa mjini wakazua neno "ukapa" kwa maana ya kuishiwa. Rais kufanywa msamiati wa ukata siyo jambo dogo.

MADOA
Nani ni nani isiyotaja mabaya ni tangazo, kwa hiyo tuyataje.

Kubwa kuliko yote ni Januari 26 na 27, 2001. Polisi walifyatulia risasi maandamano ya CUF Pemba na Unguja yaliyopinga matokeo ya uchaguzi wa 2000. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa kuwa si chini ya 35. Wengine walivuka bahari wakawa wakimbizi Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kutoa wakimbizi. Miaka mingi baadaye, kwenye kitabu cha maisha yake alichokizindua Novemba 2019, Mzee aliandika kuwa tukio lile lilikuwa doa kwa uongozi wake na kwamba linamwuma.

Kuna rada ya kijeshi iliyonunuliwa Uingereza kwa paundi milioni 28, watu wakiuliza nchi maskini inaitakia nini. Mwaka 2010 kampuni ya BAE ilikubali mahakamani Uingereza makosa ya utunzaji wa hesabu kuhusu mauzo hayo, na Tanzania ikalipwa paundi milioni 29.5. Kuna ndege ya Rais. Kuna mgodi wa makaa wa Kiwira, ambao baada ya yeye kustaafu ulizua kelele Bungeni mpaka wabunge wengine wakataka kinga yake iondolewe. Yeye alikana kufanya kosa na hakuwahi kushtakiwa.

Na kuna ule ulimi. Agosti 2015 Jangwani, kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM, aliwaita wapinzani wapumbavu na malofa. Mtu aliyekuwa mhariri alijua vizuri uzito wa maneno.

SASA KUSINI TULIPATA NINI?
Hapa ndipo kijiwe kinapogawanyika, kwa hiyo tuweke mizani.

Upande wa kulia. Daraja la Rufiji, karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na linaitwa Daraja la Mkapa. Aliyewahi kulala ukingoni akisubiri kivuko hahitaji kuelezwa faida yake. Mwaka 2005, mwisho wa muhula wake, yeye na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji waliweka jiwe la msingi la Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Nanyumbu, katika jimbo lake la zamani. Lilifunguliwa Mei 2010 na Kikwete na Guebuza, urefu mita 720. Kwa jimbo la mpakani hilo ni jambo kubwa.

Upande wa kushoto. Viwanda vya korosho vilibinafsishwa, lakini vingi havikurudi kubangua. Baadhi vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India. Kazi za kina mama wa kubangua zikaenda na meli. Lami ya uwanda wa Makonde nayo ilisubiri. Kipande cha Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, mkataba wake wa ujenzi ulikuja kutiwa saini mwaka 2023, miaka 18 baada ya Mzee kuondoka Ikulu na mitatu baada ya kuzikwa. Na shida ya maji Newala, ambako uwanda uko juu na chemchemi ziko chini bondeni Kitangari, ni wimbo wa kila kampeni.

Mwenyewe alijua analaumiwa kuwa hakupendelea kwao. Wako wanaomsifu kwa hilo: Rais wa nchi si Rais wa Masasi. Mimi naona wote wana hoja. Lakini angalieni yale aliyofanya kwa Kusini yalivyokuja: yalikuja kama mambo ya taifa, kwa mkono wa Rais, siyo kwa mkono wa mbunge wa Nanyumbu. Na yale ambayo jimbo lilihitaji kwa udogo wake, salfa kwa wakati, malipo ya korosho kwa wakati, kisima, yalibaki kutegemea chama cha msingi, halmashauri na watafiti wa Naliendele.

WALIOFUATA: NEWALA NA NDANDA
Ili tusimwonee mtu mmoja, tuwaangalie wengine wawili wa jirani.

Newala, Kapteni mstaafu George Mkuchika alishinda ubunge mwaka 2005, Mkapa akiondoka, na akashinda tena 2010, 2015 na 2020, miaka ya mwisho kwa jimbo la Newala Mjini. Naye akawa waziri: Habari, Utamaduni na Michezo mwaka 2008, kisha TAMISEMI, kisha Utawala Bora. Ndiye aliyelifungia gazeti la MwanaHALISI kwa miezi mitatu Oktoba 2008. Wizara ya habari kwa hiyo imepita kwa wabunge wetu wa huku zaidi ya mara moja. Kuhusu maji ya Newala, waulizeni wa Newala.

Ndanda, alikosoma Mkapa, mwaka 2015 wananchi walimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA. Desemba 2019 akagombea uenyekiti wa chama chake dhidi ya Freeman Mbowe, akashindwa. Februari 2020 akatangaza kuhamia CCM. Katiba, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha uanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti. Lakini Mei 2020 Spika Job Ndugai akamtaka arudi Bungeni, akisema taratibu za kumwondoa hazikukamilika, na akarudi. Wanasheria wakapiga kelele. Oktoba 2020 akachaguliwa tena, safari hii kwa CCM.

Ukiweka Nanyumbu ya 1985 na Ndanda ya 2020 pamoja unaona kitu kimoja. Mwaka 1985 chama kilichuja majina mawili kabla mwananchi hajapiga kura. Mwaka 2020 kiti kilibishaniwa na chama, Spika na mbunge, na mwananchi wa Ndanda aliyepanga foleni mwaka 2015 hakuulizwa na mtu. Miaka 35, na mwenye kura bado ni wa mwisho kujua.

MWISHO WA SAFARI
Baada ya 2005 Mzee hakukaa kimya. Mwaka 2008 alikuwa pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kuwapatanisha Wakenya baada ya vurugu za uchaguzi. Mwaka 2010 na 2011 aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa la kura ya maoni ya Sudan Kusini. Kuanzia 2016 alijaribu mazungumzo ya Burundi, ambayo hayakuzaa matunda.

Alipofariki Julai 2020, Rais Magufuli alitangaza kuwa Uwanja wa Taifa, ulioanza kujengwa mwishoni mwa utawala wa Mkapa, utaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba na Yanga wakipambana pale, jina la mtoto wa Lupaso linatajwa na watu ambao hawawezi kuionyesha Lupaso kwenye ramani. Yeye mwenyewe alirudishwa Lupaso.

Kwa hiyo, wadau, mtu akija Masasi au Newala na kusema "nichagueni mimi, nitakuwa waziri", mwulizeni: ukishakuwa waziri, nani atabaki kuwa mbunge wetu? Tulishawahi kuwa na mbunge aliyekuwa waziri na akawa Rais. Alikuwa na akili nyingi na tunajivunia. Lakini korosho ziliokolewa na salfa, na salfa haijali jina la mbunge.

Mwenye nyongeza au sahihisho, hasa wazee wa Nanyumbu waliopiga kura ya jembe na nyumba mwaka 1985, amwage hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.